Baiskeli yangu ya kazini hadi Kilwa: keria au mabegi ya fremu? Na hizi spoku zinakatika kwa nini?

#1 Mpanda Mikindani
Wakuu, habari za humu.

Naishi Mikindani, kazi yangu Mtwara mjini, kila siku nakwenda na kurudi kwa baiskeli. Ni mtumba wa Japani: kapu mbele, keria nyuma, gia tatu zile zinazojificha ndani ya habu (kitovu cha gurudumu), tairi za 26. Sasa safari ya kazini hainitoshi tena. Nanenane nataka nipande hadi Kilwa Masoko kwa kulala njiani, Lindi kwanza, halafu nione mbele. Kurudi nitapanda basi.

Baiskeli nyingine sinunui, hilo tusilijadili. Yananisumbua mawili. Kwenye video naona Wazungu wamefunga mabegi kwenye fremu, nyuma ya siti na kwenye usukani, keria hawana kabisa. Mimi ninayo. Niitoe?

La pili ndilo linaloniumiza kichwa. Nilifanya jaribio la kwenda Msimbati na mzigo kamili: maji, hema, nguo, jiko, sufuria. Wakati wa kurudi, mchanga nimeshaumaliza, niko kwenye lami nakaribia mjini, nikasikia "ting". Mbele kidogo, "ting" nyingine. Spoku mbili za nyuma zimekwenda, ringi inayumba hadi tairi inasugua fremu. Fundi wangu anasema mzigo. Jirani anasema chumvi ya bahari. Mimi nina kilo 68 na mzigo haukufika 15. Kuna watu wanapakia mke, mtoto na gunia la mpunga. Kwangu kwa nini?

#2 Ming'oko Mbichi
Basi la alfajiri linakushusha Nangurukuru, njia panda ya Kilwa, hata njaa ya mchana haijauma. Shida yote hii ya nini? Mimi nimekaa pale nasoma maoni.

#3 Chui wa Chikongola
Mkuu, keria ni mambo ya zamani. Ng'oa. Agiza mabegi matatu: moja la pembetatu ya fremu, moja refu nyuma ya siti, moja la usukani. Baiskeli inabaki nyembamba, upepo haukushiki, mzigo hauchezi. Dunia nzima ndiyo inakokwenda.

#4 Binti Newala
@Chui, umesoma post ya kwanza au umekuja na mahubiri yako tayari? Baiskeli ya kapu ya Japani haina hiyo pembetatu. Bomba la juu limeshushwa chini ili mtu avuke na sketi yake kwa heshima. Begi la fremu utalifunga wapi, hewani? Na begi la nyuma ya siti linataka nafasi tupu kati ya siti na tairi. Kwenye baiskeli yenye keria na siti iliyoshuka litakuwa limelala juu ya keria tu.

Mimi ninayo kama hiyo, naipandia kazini na nimeshateremka nayo kutoka Newala hadi Masasi. Keria ibaki. Nenda kwa fundi anayeshona maturubai, akushonee mabegi mawili ya pembeni yaliyoungana kwa juu kama soji ya punda, yanakaa juu ya keria. Ndani yake weka mfuko mzito wa nailoni, nguo hazitalowa hata mvua ikikukuta. Mwambie fundi aweke na kitanzi chini ya kila begi, ukifunge kwa mpira kwenye mguu wa keria. Bila hicho kitanzi begi litaingia kwenye spoku kwenye kona ya kwanza. Halafu pedeli, uone kama kisigino kinagonga begi. Kikigonga, sogeza begi nyuma.

#5 Chui wa Chikongola
Sawa dada, hiyo ya pembetatu nimeielewa. Lakini usukani nang'ang'ania. Mzigo wote ukiwa nyuma, mbele panakuwa pepesi, mlimani gurudumu la mbele linatangatanga.

#6 Binti Newala
Hapo uko sahihi. Kapu analo tayari. Aweke hema mle, alifunge lisiruke. Vitu vizito kama maji vikae chini pembeni, sio juu ya kapu.

#7 Mzee wa Tenga
Mnanichekesha. Mimi nimechuuza samaki kwa baiskeli, natoa Sudi napeleka Mtama, kabla bodaboda hazijatuulia biashara. Hatukuwa na video. Tenga limejaa, barafu hakuna, unakimbizana na jua. Na spoku hazikuwa zinakatika ovyo.

Siri iko kwenye kufunga. Unachukua tyubu ya lori, unaikata utepe mrefu upana wa vidole viwili. Unaanzia chini ya keria, unauvuta mpaka unakaribia kupoteza rangi, unapitisha juu ya tenga, unarudi chini upande wa pili, unarudia. Mwisho ncha unaichomeka chini ya utepe wenyewe. Hakuna fundo. Fundo la mpira lililolowa maji ya samaki halifunguki gizani, utalikata kwa kisu. Ukimaliza unashika tenga unalitikisa. Baiskeli nzima itikisike nalo. Tenga likitikisika peke yake, fungua uanze upya.

Kijana, wewe mzigo wako ulikuwa unacheza. Uzito hauvunji spoku. Kucheza ndiko kunakovunja.

#8 Spana Kumi na Tano
Kabla hamjaendelea kutoa hukumu. Mleta uzi, jibu hivi: zilikatikia wapi, kwenye kiwiko pale zinapoingia kwenye habu, au kwenye nipo, ile nati ndogo ya spoku kule kwenye ringi? Na ni upande wa cheni au wa pili?

#9 Mpanda Mikindani
Zote kwenye kiwiko. Zote upande wa cheni. @Mzee wa Tenga shikamoo, nilifunga kwa kamba ya manila, kweli ilikuwa inalegea nasimama naikaza.

#10 Spana Kumi na Tano
Basi kesi imeisha. Gurudumu la nyuma habu yake haikai katikati, upande wa cheni umeachiwa nafasi ya gia. Kwa hiyo spoku za kulia zinasimama wima zaidi na zinavutwa kwa nguvu kuliko za kushoto. Ndizo zinazokatika kwanza duniani kote. Nunua spoku bora, zisukwe upya, nenda Kilwa.

#11 Dokta Pancha
Haijaisha, fundi. Hiyo hesabu ni ya baiskeli yenye rundo la meno nyuma, sita au saba. Yeye ana gia tatu za ndani, jino la nyuma (lile duara la meno linaloshika cheni) ni moja tu. Habu ya namna hiyo imekaa karibu katikati, tofauti ya kulia na kushoto ni ndogo sana. Haiwezi kuwa sababu peke yake.

Mimi nasema zilikuwa zimelegea. Kila spoku inapofika chini, pale tairi linapokanyaga ardhi, inapungukiwa mvuto, ikipanda inarudi. Spoku iliyokazwa vizuri inapungua kidogo tu, haisikii. Iliyolegea inalegea kabisa halafu inavutwa ghafla, inakunjwa pale pale kwenye kiwiko, kama unavyokunja waya mkononi mpaka ukatike. Piga hesabu: tairi yake inazunguka karibu mara 480 kwa kilomita moja. Mtwara hadi Lindi ni kama kilomita 110. Hiyo ni zaidi ya mara elfu 50 kwa kila spoku, kwa siku moja. Na hii yake ilishakunjwa hivyo njia ya Mikindani mwaka mzima. Msimbati alikwenda kukusanya deni tu.

Ndiyo maana ilikatikia kwenye lami wala sio kwenye mchanga.

#12 Spana Kumi na Tano
Kuhusu habu nakubali, sikusoma "ndani". Ila kwa nini zote mbili upande wa cheni? Zikiwa zimelegea zingekatika popote.

#13 Dokta Pancha
Mbili ni chache, zinaweza kuangukia upande mmoja kama sarafu. Au fundi aliwahi kukaza upande mmoja.

#14 Shangani Kwetu
Nyie mnaongea fizikia, mtu anaishi Mikindani, maji yapo mlangoni. Chumvi, wakuu. Mimi Shangani mabati, bawaba, kila kitu kinaoza. Spoku za mtumba nyingi ni chuma cha kupakwa, sio chuma kisichoshika kutu. Angalia kiwiko, kama kuna kutu nyekundu ndani ya tundu la habu, hapo ndipo panapoanza ufa.

#15 Mpanda Mikindani
Nimetoka kuangalia sasa hivi na tochi. Kutu ipo. Ila ipo kwenye zote, hata ambazo hazijakatika. Halafu nimegundua kitu: spoku tatu ni nene kuliko nyingine. Zitakuwa za matengenezo ya zamani.

#16 Spana Kumi na Tano
Heee. Hilo ulipaswa kuanza nalo! Nene na nyembamba kwenye gurudumu moja hazigawani kazi sawa. Nene inashikilia, jirani yake nyembamba inabaki inachezacheza. Zilizokatika zilikuwa karibu na hizo nene?

#17 Mpanda Mikindani
Moja ndiyo, nyingine hapana.

#18 Ming'oko Mbichi
Hahaha, kesi imerudi mahakama ya mwanzo. Swali dogo mleta uzi: hilo jiko ulilobeba ni la gesi au mafuta ya taa?

#19 Mpanda Mikindani
La mkaa.

#20 Ming'oko Mbichi
LA MKAA? Na mkaa wake? Moderata funga uzi, mhalifu amepatikana.

#21 Binti Newala
Jamani jiko la nini kwanza? Njia ya Lindi kila kijiji kuna mama wa chapati na chai. Msimu huu utakuta na ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha inauzwa barabarani. Toa jiko, toa sufuria, umepunguza mzigo bila kununua begi lolote. Nafasi hiyo weka maji. Kwenu pwani hamjui thamani ya maji, njoo huku juu uwandani uone dumu linavyoheshimiwa. Lita nne au tano kwa siku kwa mtu anayepanda juani.

#22 Mgeni wa Lindi
Naombeni kuingilia. Mimi sio fundi ila hiyo njia ninaifahamu. Mtwara hadi Mnazi Mmoja pale Mingoyo utakuwa na malori ya makaa ya mawe yanayotoka Songea upande wa Ngaka kuja bandarini, yanapitia Masasi. Hayana huruma. Yakikupita upepo wake unakusukuma, halafu unakuvuta. Weka kioo kwenye usukani, upande wa kulia. Nimeona mtu ana baiskeli ya bei ya pikipiki hana kioo. Ukishakata kulia Mnazi Mmoja kuelekea Lindi yanapungua sana, yanabaki mabasi na malori ya saruji.

Na usipande usiku, taa ya dinamo ikiwaka ni ya kukuonyesha wewe shimo, lori halikuoni. Nyuma vaa kitu kinachong'aa.

#23 Chui wa Chikongola
Upepo je? Agosti si kaskazi inampiga usoni?

#24 Mzee wa Tenga
Wewe kweli umezaliwa Mtwara? Agosti ni kusi. Kaskazi inakuja mwishoni mwa mwaka, Disemba huko hadi Machi. Kusi inampiga mgongoni njia yote hadi Kilwa. Amepanga vizuri kuliko unavyodhani, na kurudi na basi ndiyo akili yenyewe.

#25 Mpanda Mikindani
Asante mzee. Kusema kweli sikufikiria upepo, nilifikiria sikukuu tu.

#26 Mama Korosho
Nyongeza kwa wapandaji wa asubuhi. Hadi Agosti bado kuna watu wanapuliza salfa ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho, mashambani, na wanapuliza alfajiri wakati umande upo na upepo umetulia. Ni ule muda ambao mpanda baiskeli anajisifu ameamka mapema. Utaona kama ukungu wa njano umelala juu ya barabara. Usiuingie umefungua mdomo unahema. Macho yatawasha hadi mchana na jasho likiteremka ndiyo balaa. Simama, mwombe mwenye mashine azime kidogo, watu wetu ni waungwana. Miwani yoyote ya bei rahisi inasaidia.

#27 Ming'oko Mbichi
Mama umemwogopesha kuliko simba.

#28 Mgeni wa Lindi
Tembo na simba wanasikika zaidi Liwale na Nachingwea huko, sio barabara kuu ya Kilwa mchana. Shida yako itakuwa mbwa wa vijijini. Usiwakimbie, shuka, weka baiskeli katikati yako na yeye.

Kuhusu kulala: Lindi gesti zimejaa, chagua. Lindi hadi Nangurukuru ni zaidi ya kilomita 150, kwa baiskeli ya kapu usijidanganye kwa siku moja. Mchinga, Kitomanga, unavuka mto Mbwemkuru, halafu Kiranjeranje. Gawanya hapo. Kama unataka kupiga hema, usijifiche porini kama mwizi. Nenda kwa mwenyekiti wa kijiji kabla ya magharibi, onyesha kitambulisho. Utapewa kiwanja cha shule au ua wa mtu, na pengine chakula. Chandarua chukua, mbu hawajui kama uko likizo.

#29 Mwera Asilia
Na uulize hali ya barabara kabla. Mwezi wa 5 mwaka 2024 baada ya kimbunga Hidaya, kule Somanga barabara ya Dar ilikatika, watu walikwama siku kadhaa. Agosti ni kiangazi, ila njia za kuchepusha zinaweza kuwepo, na vumbi lake unalijua.

#30 Dokta Pancha
Somanga iko mbele ya Nangurukuru, yeye anakata kulia kwenda Masoko. Hatafika huko.

Tunarudi kwenye tairi, hakuna aliyesema. Mkuu, angalia ubavuni mwa tairi lako. Likiandikwa 26 x 1 3/8, hilo sio sawa na 26 x 1.95 ya baiskeli za milimani ambazo ndizo zimejaa madukani. Yote yanaitwa 26. La kwako ringi yake ni milimita 590, la milimani ni 559. Haliingii, hata umpe nani alivute. Nimeona mtu wa baiskeli ya milimani kauziwa la aina yako, kafika nyumbani, tairi linacheza kwenye ringi kama bangili. Na yale ya 28 ya baiskeli za mizigo ni milimita 635, hayo ndiyo kabisa. Kwa hiyo bebelea tyubu moja na tairi moja la akiba lililokunjwa, usitegemee kulipata Kiranjeranje.

#31 Spana Kumi na Tano
Nakazia. Ila tyubu ya 26 ya milimani inaweza kuokoa jahazi ukiijaza upepo taratibu. Vifaa: spana ya 15 kwa nati za nyuma (gurudumu lenye gia za ndani halina mkono wa kufungulia, usisahau!), ufunguo wa spoku, spoku nne za urefu wako umezifunga kwa utepe wa gundi kwenye bomba la fremu, viraka, solusheni, pampu. Fungua gurudumu la nyuma nyumbani kwanza. Lina kile kipini kidogo cha waya wa gia, ukikipoteza kwenye nyasi utabaki na gia moja hadi Kilwa.

#32 Chui wa Chikongola
Gia zenyewe zitamtosha? Baada ya Lindi kuna vilima.

#33 Spana Kumi na Tano
Habu nyingi za gia tatu za Shimano, gia ya kwanza inapunguza hadi 0.73 ya gia ya pili, ya tatu inaongeza hadi 1.36. Kwa mjini ni nzuri. Kwa kilima na mzigo, gia ya kwanza bado nzito kidogo. Badilisha jino la nyuma tu, weka lenye meno mengi zaidi, cheni ongeza kipande. Utapoteza kasi kwenye tambarare, nani anakukimbiza?

#34 Mzee wa Tenga
Au ashuke asukume. Hakuna sheria inayokataza kusukuma baiskeli. Sisi tulikuwa tunasukuma na hatukufa.

#35 Binti Newala
Kweli kabisa. Na siti mzee, mbona mmesahau siti? Watu wa mjini wanaishusha ili miguu ikanyage chini kwenye taa. Safari ndefu itawaua magoti. Weka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa, mguu unyooke. Hapo ndipo siti inapokaa. Zile siti pana za springi ni tamu hadi Mpapura, baada ya hapo zinasugua. Tafuta nyembamba kidogo, uizoee ukienda kazini kabla.

#36 Mpanda Mikindani
Nashukuru wote. Nimeamua keria inabaki, jiko la mkaa linabaki nyumbani, mabegi nashonesha. Gurudumu la nyuma nasukisha upya spoku zote, za unene mmoja. Ila bado sijaelewa sababu ilikuwa ipi, maana nikisuka upya zote sitajua kamwe.

#37 Dokta Pancha
Kulegea.

#38 Shangani Kwetu
Chumvi.

#39 Mzee wa Tenga
Manila.

#40 Mwera Asilia
Mimi nina swali la pembeni. Kwa nini apite Mnazi Mmoja na malori? Kuna kivuko Lindi na Kitunda. Akipita huku pwani kwa Sudi akatokea Kitunda, si anavuka na baiskeli anaingia mjini moja kwa moja?

#41 Mgeni wa Lindi
Kivuko kipo na baiskeli inapanda. Lakini hiyo njia ya kufika Kitunda umeipita lini? Mchanga.

#42 Mwera Asilia
Nimeipita kwa pikipiki.

#43 Mgeni wa Lindi
Pikipiki ina injini, mkuu. Tairi lake la inchi moja na robo tatu za nane sijui nini huko litazama kama jembe.

#44 Dokta Pancha
Moja na tatu ya nane. Apunguze upepo kidogo itapita.

#45 Spana Kumi na Tano
Apunguze upepo kwenye tairi jembamba hivyo, ringi igonge jiwe, halafu turudi hapa kujadili spoku tena? Apite lami.

#46 Mwera Asilia
Jumamosi nakwenda upande huo, nitapiga picha ya barabara niiweke hapa.